Munyweshe betoni maji mbele ya kukata utepe

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Kiangazi hiki, ndani ya kartye yangu, walimwaga betoni ya kanivo asubuhi. Jua kali, upepo mkavu. Saa kumi mafundi wakapanda gari, wakaenda. Hakuna mutu aliyerudi na ata ndoo moja ya maji. Siku ya tatu nikaona nyufa nyembamba kama nywele. Siku ya kumi wakubwa wakakuja, wakakata utepe, wakapiga picha.

Mimi niko na diplome ya ujenzi na sina kazi. Basi nilichosomea nawapa bure.

Betoni haikauki kama matope. Sima inakula maji na kugeuka jiwe, na kazi hiyo inachukua siku nyingi. Siku ya 7, betoni ya kawaida inafikia karibu 65 ao 70% ya nguvu inayopimwa siku ya 28. Jua na upepo vikiiba maji siku za kwanza, kazi inasimama katikati. Betoni iliyoachwa hewani tangu mwanzo inaweza kubaki na karibu nusu tu ya nguvu ya ile iliyonyweshwa. Na inayoumia zaidi ni ngozi ya juu, ile ile ambayo maji ya mvua na mchanga vitasugua.

Watatuambia: «Laboratware ilipima, matokeo ni mazuri.» Tusidanganyike. Silinda ya laboratware inalala ndani ya maji, digrii 20, mpaka siku ya 28. Inakunywa kama mtoto wa tajiri. Ndugu yake wa kanivo, wa sima moja na mchanga moja, analala juani. Ile karatasi inasema ukweli juu ya silinda. Juu ya kanivo yetu haisemi kitu.

Na wasiseme franka hakuna. Dawa ni magunia yaliyolowa, ao plastiki ya kufunika, na mutu mmoja wa kumwagilia kutwa. Vijana wangapi hapa wanatafuta ata kazi ya wiki moja?

Tunadai:

1. Tarehe ya kumwaga betoni iandikwe kwenye kibao cha shantie.
2. Betoni ifunikwe na kunyweshwa siku 7 kwa uchache.
3. Silinda zingine zibaki shantie, juani pamoja na kanivo, na matokeo yabandikwe mbele ya raiya.
4. Mbele ya siku ya 28, hakuna kupokea kazi, hakuna utepe.

Wewe unayesoma, kesho ukipita shantie, weka mkono juu ya betoni ya jana. Kama ni kavu na ya moto, piga picha, andika tarehe, uliza mkubwa wa shantie: nani anainywesha?

Mvua ikianza, haitaangalia picha za wakubwa. Itaangalia betoni. Franka ni zetu, kanivo ni yetu, na nyumba zitakazoingia maji njo zetu.