Habbasoda na Mkojo Unaochoma Fungate



Mimi fundi cherehani, nashona nguo za maharusi, na mwanamke akisimama kupimwa nguo huzungumza mengi. Biharusi wangu mmoja alirudi baada ya fungate, gauni lote limempwaya. Mkojo ulimchoma tangu siku ya nne. Akaona haya kusema. Somo wake akampa habbasoda na asali, akakaa nayo siku kumi mpaka homa ya kutetemeka ikampata, na ubavu ukimuuma. Hospitali wakamwambia maambukizi yamepanda kwenye figo.

Haikuwa hasadi. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, na tendo la ndoa husukuma bakteria ndani, ndiyo maana maharusi wapya huugua sana.

Habbasoda hata mimi ninayo jikoni. Mtume (s.a.w.) ameisifu, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Wataalamu nao wamekuta ndani yake kitu kiitwacho thaimokwinoni, kinachozuia baadhi ya bakteria maabara. Lakini kisahani cha maabara si kibofu cha mtu. Kuna utafiti wa watu 88, ulitoka 2010 kwenye jarida la madaktari la Saudia, uliishindanisha na antibayotiki kwa bakteria wa tumbo, H. pylori. Kwenye antibayotiki, bakteria waliondoka kwa watu kama 83 katika kila 100. Kwenye gramu 2 za habbasoda kwa siku, pamoja na omeprazoli, 67. Waliopewa gramu 1 au 3 hawakufika hata nusu! Nguvu inayo, ila kuzidisha kijiko hakukusaidia. Tena hilo ni tumbo, wala si mkojo.

Wapo wanaosema kukimbilia hospitali ni udhaifu wa imani. Mtume huyo huyo ndiye aliyetuamrisha tujitibu. (Na nyie mnaonunua vidonge vinne dukani bila kupima, mkaacha mkipata nafuu, mnawafundisha bakteria usugu.)

Siku hizi nikimkabidhi biharusi nguo zake namwambia wazi, na somo wake akiwa hapo hapo: mkojo ukichoma, siku hiyo hiyo kapime. Habbasoda utakunywa ukirudi. Wengine hucheka, wengine huinamisha uso. Mmoja alinipigia simu usiku wa tano wa fungate, ananong'ona, kuniuliza maabara gani iko wazi.