Gundi ya Nyuki Isitucheleweshe Hospitali

Ndugu wafugaji wa nyuki wa Mwamapalala na Simiyu nzima, tunasema wazi: gundi inayoziba nyufa za mzinga ni mali, si uchafu wa kutupa. Nyuki huitengeneza kwa utomvu wa miti. Katika maabara za ng'ambo imeua chembe za saratani, na majaribio madogo yameonyesha kuwa huenda ikapunguza vidonda vya kinywa viletwavyo na dawa za saratani.

Lakini kuua chembe ndani ya chupa si kumponya mtu. Hakuna aliyethibitisha kwamba gundi hii huponya saratani. Anayemwuzia mgonjwa gundi na kumzuia asiende Bugando au Ocean Road anamnyonya ndugu yake. Uvimbe haungoji! Mgonjwa aende hospitali kwanza, tena amweleze daktari kila anachotumia, kwani gundi hii huwadhuru baadhi ya watu.

Gundi hutofautiana kwa miti ya mahali. Basi tunadai ya Simiyu ipimwe na wataalamu wetu, humu humu nchini. Nta yetu iliuzwa ghafi tangu enzi za wakoloni. Mara hii tujue thamani ya mali yetu kabla ya kuiuza.