Bwawa Lijengwe, Lakini Kwanza Lipimwe kwa Haki



Ndugu wasomaji, neno "bwawa" likitajwa katika nchi zetu watu hufurahi: umeme utakuja, mashamba yatamwagiliwa, vijana watapata kazi. Anayeuliza maswali huonekana mpinga maendeleo. Sisi tunaona kuuliza ni sehemu ya amana.

Tukumbuke kisa cha Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965. Wanahistoria wanasimulia kuwa alisema anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, na al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita aifanye kazi hiyo. Alipanda na mto hadi karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akafikiri: mafundi kama hawa, lau ingewezekana wangeshafanya. Akarudi Cairo akasema haiwezekani. Inasimuliwa kuwa alijifanya mwendawazimu ili kuepuka ghadhabu ya mtawala, mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 1021.

Huo ndio upembuzi yakinifu: kwenda, kuona, kupima, kisha kusema kweli. Ripoti ambayo jibu lake limeamuliwa kabla wataalamu hawajafika ni mhuri tu.

Zaidi ya miaka 900 baadaye Misri ilijenga Bwawa Kuu la Aswan, kuanzia 1960 hadi 1970. Faida zake ni kubwa: umeme, na maji ya akiba yaliyoiokoa nchi katika ukame wa miaka ya 1980. Lakini ziwa lake, lenye urefu wa kilomita 500 hivi, lilifunika nchi ya Wanubi, ndugu zetu wa Misri na Sudan. Zaidi ya watu 100,000 walihamishwa. Wa Wadi Halfa wengi walipelekwa mashariki ya Sudan, mbali na mto waliouzoea. Mitende na makaburi ya wazee wao vikabaki chini ya maji. Hata tope la rutuba likazuiwa nyuma ya ukuta, na wakulima wakazidi kutegemea mbolea ya viwandani.

Hapa kwetu, maji ya Kagera huishia Nile kupitia Ziwa Victoria. Pale Rusumo, mpango wa awali wa kutengeneza ziwa uliachwa, ikachaguliwa mitambo inayotumia maji yanayopita, ili watu na mashamba yasalimike zaidi. Umeme wake, megawati 80, ni wa Rwanda, Burundi na Tanzania. Kumbe mpango unaweza kubadilishwa!

Basi wataalamu wakifika kijijini, wazee, kina mama na vijana tuulize. Mto una maji kiasi gani mwaka wa ukame? Mwamba wa chini unashika maji? Tope litalijaza bwawa baada ya miaka mingapi? Malaria na kichocho vitazuiwaje? Anayehamishwa atapewa ardhi ipi, na ataipata kabla maji hayajapanda? Nanyi wanafunzi, isomeni ripoti na muwafafanulie wazee kwa lugha yao.

Jibu la haki likiwa ndiyo, tujenge. Likiwa hapana, mtaalamu asilazimike kujifanya mwendawazimu ili asalimike.

Wallaahu a'lam.