Umbali wa Ndege na Umbali wa Mtu

Mtu akiweka rula juu ya ramani ya bonde la Kilombero, kutoka Mlimba hadi Malinyi, atapata kama kilomita 40. Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa ingeukata mwendo huo kwa dakika 12, kabla abiria hajamaliza kusoma gazeti lake. Lakini mwalimu wa Mlimba aliyepata habari ya msiba Malinyi hana ndege. Akifuata barabara kuu, hana budi kwanza kwenda kaskazini-mashariki hadi Ifakara, avuke mto, apite Lupiro, kisha ageukie tena kusini-magharibi. Safari hiyo inazidi kilomita 200.

Sababu yajulikana. Mlimba iko upande wa milima ya Udzungwa, Malinyi iko ng'ambo, na katikati imetanda tambarare ambayo wakati wa masika hufurika maji ya Mnyera, Mpanga na Ruhuji. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita upande wa Mlimba tu. Pale Ifakara nako watu walitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 limeondoa adha hiyo, na thamani yake anaijua vema mtu wa Mahenge aliyekuwa akilala ukingoni. Hata hivyo, daraja hilo limepunguza saa za kungoja; mzunguko umebaki ule ule.

Ramani haina kosa. Kosa huanzia ofisini, pale mpango unapochora duara kuzunguka zahanati na kumhesabu kila aliyemo kuwa amefikiwa na huduma. Mto haumo katika hesabu hiyo. Mama mjamzito angojaye mtumbwi mwezi wa Aprili yumo ndani ya duara, na kwa kuwa amekwisha kuhesabiwa, hapangiwi kitu kingine.

Wapo watakaosema kuwa dawa ni kujenga tuta la barabara likatishe bonde. Pengine. Ila bonde hilo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2002, maji yake huingia Rufiji, na wakazi wake huishi kwa mpunga na samaki. Tuta lisilopimwa vema laweza kuyasukuma mafuriko katika mashamba ya watu. Hilo na waliamue wahandisi.

Lililo mikononi mwa makarani na walimu wakuu ni dogo, wala halingoji bajeti. Kila taarifa inayotaja umbali wa kituo haina budi kutaja pia njia ipitwayo, chombo kitumikacho na miezi ambayo njia hufungwa. Afisa elimu ampangiaye mwalimu kituo, na mganga apelekaye chanjo, wangeamua vingine kama karatasi iliyo mezani ingesema "kilomita 12, kwa mtumbwi, haipitiki Machi hadi Mei", badala ya kusema "kilomita 12".