Kila mtoto aliye mahakamani awe na afisa wake

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ni sheria nzuri. Imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Imeanzisha Mahakama ya Watoto, ikataka kesi zao zisikilizwe faragha na afisa ustawi wa jamii awepo. Hakimu amepewa njia kadhaa za kutompoteza mtoto: anaweza kumwachia kwa masharti, kumrudisha kwao, au kumkabidhi kwa mtu anayefaa. Vifungu tunavyo. Tunachokosa ni mtu mzima mmoja wa kusimama na mtoto huyo toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu leo anasimama huyu, kesho mwingine, na keshokutwa hakuna mtu.

Chukua kijana wa miaka 15 aliyekamatwa kwa tuhuma za kuiba simu sokoni. Kituoni anahojiwa na askari. Akiwa na bahati anapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, anahojiwa tena. Siku ya kesi afisa ustawi anamkuta kwenye benchi la koridoni dakika chache kabla hawajaitwa. Anafungua faili akiwa amesimama na kuuliza: unakaa na nani, baba yuko wapi, shule uliacha lini, tabia hii umeianza lini? Kesi inaahirishwa, ripoti ya ustawi haijakamilika. Tarehe nyingine inafika na afisa yule yuko semina. Amekuja anayemkaimu, na maswali yanaanza upya: unakaa na nani, baba yuko wapi? Kule mahabusu ya watoto kuna mlezi wa zamu, naye ana fomu yake ya kujaza.

Mpaka hapo kijana ameshajifunza kujibu kwa neno moja. "Sijui." Na kwenye ripoti panaandikwa kwamba mtoto haonyeshi ushirikiano.

Hayo ni maneno mazito sana kuandikwa juu ya mtoto. Hakimu hawezi kwenda mtaani kuzungumza na mjumbe, na bibi anayemlea kijana, na mwalimu wake wa darasa la sita. Anategemea kilichoandikwa. Akiambiwa mtoto ni mgumu, nyumbani hakuna wa kumpokea, kinachobaki mezani ni Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani Mbeya. Kwa mtoto wa Bukoba huko ni mbali kiasi kwamba mama yake, kama anaishi kwa kuuza samaki wa mafungu, hatamwona mpaka atakaporudi. Mtoto aliyeulizwa maswali yaleyale na watu wanne hakukataa kushirikiana. Alichoka kusimulia kifo cha baba yake kwa watu ambao hawakurudi.

Hatuwalaumu maafisa ustawi. Huyuhuyu tunayemtaka mahakamani asubuhi ndiye anayesuluhisha ndoa, anayefuatilia matunzo ya watoto, anayekagua vituo vya kulelea watoto mchana na kupokea simu ya mtoto aliyetelekezwa usiku. Wengi wao hupanda bodaboda kwa fedha zao kwenda kuitafuta nyumba ya mtoto, na nyumba yenyewe wameelekezwa kwa kuambiwa "ulizia pale kwenye kisima". Mfumo nao umewagawanya. Afisa wa halmashauri yuko chini ya TAMISEMI. Mahabusu za watoto na Irambo ziko chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na makundi maalumu. Polisi wana wizara yao, Mahakama ni mhimili wake. Mtoto anavuka mipaka hiyo yote peke yake, na kila anapovuka anaacha nyuma mtu aliyekuwa ameanza kumzoea.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1998 iliwakusanya polisi, watu wa ustawi, wa afya na wa elimu katika timu moja kwa kila eneo ili washughulike na vijana wa namna hii. Sisi hatuna fedha za kuunda idara nzima mpya, lakini kuandika jina la afisa mmoja juu ya jalada la mtoto, na jina hilo likaendelea kubaki lilelile, hakuhitaji mkopo kutoka kwa mtu yeyote. Afisa huyo apatikane tangu kituo cha polisi. Aende nyumbani kwa mtoto kabla ya kuandika chochote. Akihamishwa, amkabidhi mtoto kwa mwenzake ana kwa ana, wote watatu wakiwa wamekaa, sio kwa barua ya makabidhiano ya ofisi.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Afisa anayemsikiliza mtoto ndiye huyohuyo anayemwandikia hakimu. Kijana akimweleza kwamba aliiba kwa kutumwa na kaka yake mkubwa, maneno hayo yanaweza kusomwa mahakamani wiki inayofuata. Wapo maafisa wanaolificha hili wakidhani mtoto akijua atanyamaza. Tunaamini wanakosea. Mtoto akija kusikia siri yake ikitajwa mbele ya hakimu bila kuonywa, hatamwamini tena afisa huyo, na pengine hatamwamini mtu mzima mwingine yeyote wa serikali. Aambiwe siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa: haya nitayaandika, haya si lazima niyaandike, na ripoti nitakusomea wewe na mzazi wako kabla sijaipeleka. Akiona kuna kosa, lisahihishwe. Hili litaongeza saa moja ya kazi kwa kila kesi, nasi tunasema saa hiyo itolewe.

Ukaribu huu lazima uwe na mipaka, hasa kwa mabinti. Mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana na watu hata kama hapasikiki. Namba binafsi ya simu isiwe ndiyo njia pekee ya kumpata afisa. Mtoto aoneshwe mtu mwingine wa kumlalamikia, asiye rafiki wa yule anayelalamikiwa. Na mtu mzima yeyote anayempokea mtoto kwa kofi, awe askari, mlezi au mwalimu, aondolewe kwenye kazi hii mara moja. Vibao havijawahi kumfanya mtoto aseme kilichompata. Humfundisha tu ni jibu gani linalokomesha kipigo.

Tunamwomba kila mkurugenzi wa halmashauri aite orodha ya watoto wenye kesi katika eneo lake na aulize swali moja kwa kila jina: afisa wake ni nani? Penye jibu la "ofisi ya ustawi", jibu halijapatikana. Tunaomba pia bajeti ya ustawi iwe na kifungu cha nauli ya kufuatilia watoto, kisichoweza kuhamishiwa mafuta ya gari la msafara. Na hakimu anapoahirisha kesi kwa sababu ripoti haijakamilika, aandike kwenye mwenendo jina la anayesubiriwa, ili mwajiri wake aulizwe.

Mtoto aliyemaliza muda wake Irambo naye asirudi mtaani kama aliyeshushwa stendi. Yule aliyempeleka ndiye ampokee, amfikishe nyumbani, azungumze na mkuu wa shule au fundi gereji atakayemchukua, na arudi kumwona mwezi unaofuata na mwingine. Safari hizo zikadiriwe sasa, kabla halmashauri hazijafunga makisio ya mwaka ujao wa fedha.