Fedha za Politekniki Zilizopotewa na Jina



Kila Januari mabasi ya kutoka Kitui, Mwingi na Wote hushusha vijana Nairobi. Kijana ana mfuko mmoja na namba ya simu ya mjomba wake. Siku ya pili yuko langoni kwa kiwanda, tayari kufanya kibarua kwa mshahara wowote. Sisi tulio ndani twamwona adui, maana tajiri akitazama lile lango hana haja tena ya kusikiliza habari ya nyongeza. Lakini yule si adui. Ni mtoto wetu wa Ukambani aliyekosa ufundi, na yafaa tujue kwa nini aliukosa.

Politekniki za vijijini hazikuanza kwa amri ya Serikali. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa ikiuliza, baada ya shule mtoto afanye nini? Kutoka hapo watu wa mashambani, pamoja na makanisa yao, walijenga vyumba vya kufundishia useremala, uashi na ushonaji. Serikali ilikuja nyuma kusaidia, na Katiba ya 2010 ikaviweka vyuo hivi chini ya kaunti.

Serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku ya karo, Sh. 15,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hadi 2020/21 kaunti zote kwa jumla ziliwekewa Sh. bilioni 2 kila mwaka kwa ajili ya politekniki, na fedha hizo hazikuruhusiwa kutumiwa kwa jambo lingine. Mwaka 2021/22 jina lile lilifutwa. Fedha za politekniki zilichanganywa na za hospitali na barabara, zikatiwa katika mgao wa jumla, nao mgao ukapandishwa kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370.

Wakubwa watatuuliza, mwalia nini na mgao umepanda? Kila mwenye nyumba ajua jibu. Ukiweka kando fedha za karo, ni za karo. Ukizitia katika mfuko mmoja na za unga, mwenye duka abisha hodi, mtoto mdogo ashikwa na homa, na karo yangoja. Katika mfuko wa kaunti, hospitali na barabara zina watu wa kuzipigia kelele. Politekniki ina nani?

Tena mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mwezi wa Juni, mgao wa kaunti wa 2024/25 ulikatwa kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Hatuwalaumu vijana walioupinga mswada ule, ungetuumiza sisi pia. Lakini mfuko ulipopungua, asiye na jina ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Mimi mwenyewe nilipita chuo kimoja upande wa Makueni. Cherehani zilikuwa zimefunikwa kwa magunia. Msichana mmoja aliyesoma uashi mwaka mzima alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya karo. Alikuwa amebakisha mtihani tu.

Na kazi ya ufundi ipo. Tangu bwawa la Thwake lilipoanza kujengwa mwaka 2018, mwenye cheti cha kuchomelea vyuma ana la kusema mbele ya msimamizi. Asiye nacho apewa koleo. Kitui nako kiwanda cha nguo cha kaunti kilianzishwa mwaka huo huo wa 2018, na mwaka 2020, wakati wa korona, vijana washonaji walitengeneza barakoa huko. Je, wangeshona nini kama hawakufundishwa?

Matajiri hulipa Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa mafunzo ya kazi, kupitia NITA. Fedha hizo zatokana na jasho letu, na wajumbe wa wafanyakazi wamo katika bodi yake. Twataka wadai kwamba ada ya mtihani wa ufundi ya vijana wa politekniki ilipwe humo.

Matawi ya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi yasikae kimya. Kwa sheria, makadirio ya fedha ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Wanachama waende na swali moja: politekniki zimetengewa shilingi ngapi, na ngapi ni za karo? Katibu wa tawi alete jibu kwa maandishi, lisomwe mbele ya mkutano wa wanachama.