Mnubi si Mgeni

Askari akaguaye vitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani hukata shauri mara nyingi kwa siku moja: huyu ni mwananchi, huyu ni mgeni. Akilikata kwa kutazama sura, jina au lafudhi tu, raia asiye na kosa aweza kulala mahabusi. Wanubi wa Uganda ni mfano ambao kila askari na polisi hana budi kuufahamu.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari waliokuwa chini ya Selim Bey. Bwana wao wa zamani, Emin Pasha, gavana wa Equatoria, alikuwa amekwisha ondoka mwaka 1889. Wengi wao walikuwa na asili ya kusini mwa Sudan. Lugard aliwachukua pamoja na wake na watoto wao, akawagawa katika ngome zake. Hivyo hawakuja kama wachuuzi au walowezi, bali kama askari. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha. Hata hivyo, jeshi la Keya lilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza, na Bombo, kaskazini ya Kampala, ikawa maskani yao mashuhuri.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Wanubi hawakuziacha mila zao. Wangali wanazungumza Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha kambini. Akina mama huvaa gurbaba na kusuka vikapu. Na arusini huchezwa doluka. Kuyadumisha hayo si kuikana Uganda, kama vile Mwacholi au Muganda asivyoikana kwa kutunza ya kwao.

Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, Wanubi wengi walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya, kwa kuwa makosa ya watawala yalibebeshwa kabila zima. Hilo lilikuwa kosa. Uhalifu una mtu aliyeutenda, na mtu huyo ndiye wa kushtakiwa; kabila halishtakiwi.

Sheria nayo imesema wazi. Katiba ya mwaka 1995, katika jedwali lake la tatu, inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili zilizokuwa zikiishi Uganda tarehe 1 Februari 1926. Mjukuu wa jamii hizo aliyezaliwa hapa ni raia kwa kuzaliwa. Uraia huo haukutolewa kwa hisani ya mtu yeyote, wala askari hana mamlaka ya kuuondoa barabarani.

Kwa hiyo kagueni hati, wala si lafudhi. Palipo na shaka, jambo lipelekwe kwa maofisa wa uraia na uhamiaji, na mhusika atendewe kwa heshima. Askari aliyeapa kuilinda Katiba ameapa kumlinda Mnubi pia.